Nyanya ya jangwani hainyauki, lakini kwa nini? Jinsi mimea pori inavyotumika kusaka jeni za ustahimilivu

Weka vyungu viwili juu ya meza moja ndani ya kitalu nyumba. Kimoja kina nyanya ya shambani, kingine kina Solanum pennellii, nyanya pori inayoota kwenye majangwa ya pwani ya Peru. Acha kuvimwagilia siku ileile. Baada ya siku kadhaa nyanya ya shambani itakuwa imelegeza majani na shina limeinama. Ile ya jangwani itakuwa bado imesimama. Ni rahisi kuandika hapohapo kwamba mmea pori unastahimili ukame, na kazi iliyobaki ni kuzisaka jeni zake.

Kumbe jaribio hilo halijasema lolote kuhusu jeni. Nyanya ya shambani ni kubwa na ina majani mapana, kwa hiyo imeyanywa maji ya chungu chake na kuyamaliza mapema. Ile ya porini ni ndogo na hukua polepole, na udongo wake siku hiyo bado una unyevu. Mmea mmoja umekutana na ukame, mwingine haujakutana nao bado.

Kazi ya kuchunguza ustahimilivu kwa kutumia mimea pori iliyo jamaa ya mazao ni kazi ya kutenganisha tangu mwanzo hadi mwisho. Unatenganisha ustahimilivu na udogo wa mmea, kisha athari ya jeni na athari ya mahali mbegu ilikotoka, kisha jeni moja na majirani zake kwenye kromosomu. Utenganisho ukikosewa hatua moja, kila kinachofuata hujengwa juu ya kosa hilo, hata kama maabara ina mashine bora kuliko zote.

Kilichoachwa porini

Wakulima wa kale walipogeuza mimea pori kuwa mazao, walichagua mimea michache: isiyopukutisha mbegu, yenye tunda kubwa, inayoota kwa pamoja. Walichobeba kwenda shambani ni sehemu ndogo ya utofauti uliokuwapo. Kila jeni inaweza kuwa na matoleo kadhaa, yaani aleli, na aleli nyingi hazikuvuka kutoka porini. Ngano ya mkate ni mfano ulio wazi. Ina jenomu tatu ndani yake, yaani seti tatu kamili za jeni, na ya tatu, inayoitwa D, ilitoka kwa nyasi pori Aegilops tauschii kwa uchavushaji wa bahati uliotokea takriban miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita. Mimea iliyoshiriki tukio hilo ilikuwa michache mno, ndiyo maana jenomu D ya ngano ina utofauti mdogo ilhali Aegilops tauschii porini ina utofauti mkubwa. Kuanzia miaka ya 1980 CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichopo Mexico, kimekuwa kikilirudia tukio hilo kwa makusudi: ngano ya durum, ile ya kutengenezea tambi, inachavushwa kwa Aegilops tauschii kutoka sehemu mbalimbali, kromosomu za chotara zinaongezwa maradufu, na ngano mpya inayopatikana inatumika kama daraja la kupitishia aleli za porini.

Si kila jamaa wa porini anafikika kwa wepesi huo. Mwaka 1971 wanasayansi wa mimea Jack Harlan na Jan de Wet walipendekeza mgawanyo ambao bado unatumika. Kundi la kwanza ni mimea inayochavushana na zao bila shida na kuzaa watoto wenye rutuba. La pili huchavushana kwa taabu, na watoto wengi huwa tasa au dhaifu. La tatu halitoi kitu bila msaada wa maabara. Kabla ya kuchagua mmea kwa sababu unaishi mahali pa kutisha, angalia kwanza uko kundi gani. Mpunga pori Oryza coarctata huota kwenye maji ya chumvi ya pwani za Ghuba ya Bengal na una vinyweleo vinavyotoa chumvi nje ya jani. Ni mmea wa kusisimua kuuchunguza, lakini kuupandanisha na mpunga wa kawaida ni mateso.

Mbegu na mahali ilikotoka

Kosa la mapema kabisa ni kusema "spishi hii inastahimili chumvi" kana kwamba spishi nzima ni mmea mmoja. Kinachopimwa ni mkusanyo fulani wa mbegu kutoka mahali fulani, na mimea ya spishi hiyohiyo kilomita chache mbali inaweza kuwa dhaifu kabisa. Kwa hiyo mbegu isiyo na maelezo ya mahali ina thamani ndogo kwa kazi hii. Maelezo yanayohitajika ni nyuzi za latitudo na longitudo, kimo kutoka usawa wa bahari, mteremko, umbali kutoka majini, na sampuli ya udongo iliyochukuliwa kwenye kina cha mizizi, maana udongo wa juu juu mara nyingi husema uongo: chumvi hujikusanya usoni jua likiwaka, na mvua moja huiosha.

Chukua mbegu kutoka mimea isiyopungua 50 iliyotawanyika kwenye eneo lote. Namba hiyo ina hesabu nyuma yake. Ili uwe na uhakika wa 95% kwamba umeipata aleli inayobebwa na 5% ya kromosomu zote za eneo hilo, unahitaji sampuli 59 zisizotegemeana. Mmea unaochavushwa na wengine hubeba seti mbili tofauti, hivyo mimea 30 ingetosha. Unaojichavusha wenyewe hubeba seti mbili zinazofanana, hivyo unahitaji karibu 60. Mimea 50 ni makubaliano ya katikati. Usichukue zaidi ya 20% ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na weka mbegu za kila mmea mama kwenye mfuko wake. Ukizichanganya hutaweza kujua baadaye kama tofauti uliyoiona ni ya kifamilia.

Kibali kinatangulia safari. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inaipa nchi ya asili haki ya kukubali au kukataa rasilimali zake za kijenetiki kutumika, na mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo, ulioanza kutumika 2004, una hati yake maalumu ya kuhamishia mbegu za mazao yaliyoorodheshwa. Anayeagiza mbegu kutoka benki ya jeni, yaani ghala la kuhifadhi mbegu za aina mbalimbali, hukutana na hati hiyo kabla hajaonja chochote. Benki zenyewe zina mapengo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2016 ulihusu jamii 1,076 za jamaa wa porini wa mazao 81, ukakuta 313 kati yake hazimo kabisa kwenye benki za jeni, na nyingine 257 zina mikusanyo isiyofika kumi.

Halafu mbegu inagoma kuota. Mimea pori hulaza mbegu zake usingizi, kwa kuwa porini kuota zote siku moja ni kujiua. Nyanya pori za visiwa vya Galapagos zina ganda gumu linalozuia kuota. Mtafiti wa nyanya Charles Rick na mwenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa kobe wakubwa wa visiwa hivyo huota vizuri zaidi. Maabara haihitaji kobe. Mbegu huloweshwa kwenye hipokloriti ya sodiamu ya karibu 2.7%, yaani dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kwa dakika 30, kisha huoshwa kwa maji mengi. Mbegu za viazi pori hulowekwa saa 24 kwenye asidi ya jiberelini, homoni ya mimea inayoamsha mbegu, miligramu 1,500 kwa lita. Ngano pori nyingi zikishaota huhitaji wiki sita hadi nane za baridi ya nyuzi 4 ili zikubali kutoa maua.

Hapa pana mtego usioonekana. Ukipanda mbegu 100, zikaota 20, ukafanya jaribio kwa hizo 20, tayari umechagua. Umechukua zile zenye usingizi mwepesi, na usingizi wa mbegu mara nyingi unaendana na mazingira uliyokuja kuyachunguza. Ni heri kutumia siku kumi kutafuta dawa ya usingizi kuliko kujenga matokeo juu ya waliowahi kuamka. Tena, usipime kizazi kilichotoka moja kwa moja porini. Mama aliyeteseka kwa kiu huzaa mbegu ndogo zenye akiba tofauti, na tofauti hiyo itaonekana kama jeni. Panda kizazi kimoja kizima katika hali moja, vuna, na mbegu hizo ndizo zipimwe.

Jinsi ya kuutesa mmea kwa haki

Turudi kwenye vyungu viwili. Njia ya kwanza ya kuondoa upendeleo ni mizani. Chukua chungu chenye uzito wa gramu 200, jaza gramu 4,000 za udongo mkavu, mwagilia hadi maji yatiririke, funika juu, acha saa 24 yachuruzike, kisha pima. Tuseme mizani inaonyesha gramu 5,200. Maji yaliyoshikiliwa ni gramu 1,000. Ukitaka udongo ubaki na 40% ya maji hayo, chungu kiwe na gramu 4,600, na kila siku unaongeza kilichopungua. Sasa mmea mkubwa na mmea mdogo wanaishi kwenye ukame uleule. Mmea wenyewe una uzito, kwa hiyo panda mingine ya ziada, ing'oe kila wiki, ipime, na uongeze uzito huo kwenye lengo lako. Anayesahau hatua hii huinyima maji mimea mikubwa zaidi kila wiki inayopita, na anarudi kulekule alikokimbia.

Njia ya pili ni kupanda mimea yote miwili kwenye chungu kimoja kikubwa, mizizi yao ikichangia maji yaleyale. Ni kali, ila inajibu swali kwa uaminifu. Iwe vipi, chungu kisiwe kidogo. Kanuni nzuri ni kwamba mwisho wa jaribio uzito mkavu wa mmea usizidi gramu 1 kwa kila lita ya udongo. Ukizidi hapo unapima mizizi iliyobanwa, na zao kubwa ndilo linaloumia kwanza.

Linganisha mimea ya ukubwa mmoja, si ya umri mmoja. Fanya jaribio dogo la awali ujue mmea pori unachelewa siku ngapi kufikisha majani matano, kisha upande mapema kwa siku hizo.

Hata hesabu ya mwisho ina upendeleo wake. Chukulia zao lenye gramu 10 kwenye maji ya kutosha na gramu 5 kwenye ukame, na mmea pori wenye gramu 2 na gramu 1.8. Kwa uwiano mmea pori umeshinda, 90% dhidi ya 50%. Kwa uzito halisi zao limezalisha karibu mara tatu. Uwiano daima huupendelea mmea unaokua polepole, kwa sababu usiokimbia hauna mwendo wa kupoteza. Toa namba zote mbili. Makala inayotoa uwiano peke yake isomwe kwa tahadhari.

Kwenye chumvi, ugumu uko kwingine. Chumvi hushambulia mara mbili. Kwanza hufanya maji kuwa magumu kufyonzwa, na mmea hupunguza kukua ndani ya saa chache, kama ilivyo kwenye ukame. Baadaye, kwa siku na wiki, sodiamu hujaa kwenye majani na kuyaua, kuanzia ya chini. Jeni zinazohusika na shambulio la kwanza si lazima ziwe zile za shambulio la pili, hivyo jaribio la siku tatu na jaribio la siku thelathini yanaweza kuupa ushindi mmea tofauti bila yeyote kukosea.

Usimwage chumvi yote siku moja. Milimola 100 kwa lita ni gramu 5.84 za chumvi kwenye lita ya maji, na ukizitia kwa mkupuo unapima mshtuko wa mizizi ambao shambani hautokei. Ongeza milimola 25, karibu gramu 1.5 kwa lita, kila saa 12 hadi ufike unakotaka. Ongeza na kalisiamu pia, ili sodiamu isizidi kalisiamu zaidi ya mara 15: kwenye milimola 150 za chumvi weka milimola 10 za kalisiamu. Bila hivyo dalili unazoziona kwenye majani machanga zinaweza kuwa njaa ya kalisiamu. Kwa makadirio, kila milimola 10 za chumvi hupandisha upitishaji umeme wa maji kwa desisiemensi 1 kwa mita, na udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukivuka 4.

Je, unapima nini? Wengi hupima sodiamu kwenye jani na kuamini kwamba ikiwa kidogo mmea ni mstahimilivu. Mwaka 1976 watafiti Rush na Epstein walilinganisha nyanya ya shambani na nyanya pori ya Galapagos iliyotoka karibu na ufuo. Ile ya porini iliishi kwenye maji yenye chumvi kamili ya bahari, ya shambani haikuvuka nusu yake. Lakini mmea pori ndio uliojaza sodiamu majanini, na nyanya ya shambani ndiyo iliyoizuia hadi ikashindwa. Mmea wa pwani uliipokea chumvi na kuitunza mahali isipodhuru. Mtu aliyepima sodiamu peke yake angeutupa mmea uliostahimili na kuutunza ulioshindwa.

Kuna pia ustahimilivu usioonekana kwenye jani wala mzizi. Mpunga hupoteza mbegu joto likivuka nyuzi 35 wakati maua yamefunguka, na hufunguka muda mfupi tu kwa siku. Mpunga pori Oryza officinalis hufungua maua yake alfajiri zaidi. Kipande cha kromosomu ya 3 kutoka kwake, kilichotangazwa mwaka 2015 na kuitwa qEMF3, kikiingizwa kwenye mpunga aina ya IR64 huwahisha maua kwa saa moja na nusu hadi mbili, na mbegu hutungwa kabla jua halijapanda. Mmea huo hauvumilii joto hata kidogo. Unalikwepa. Kwa mkulima ni mamoja, kwa mtafiti ni maswali mawili tofauti, na asiyeweka saa kando ya ua asingeligundua hilo kamwe.

Kupandanisha, na vizuizi vyake

Tofauti kati ya mmea pori na zao ikishathibitishwa, bado hujui jeni ipi inaileta, kwa kuwa mimea hiyo inatofautiana kwenye maelfu ya jeni kwa pamoja. Kinachotakiwa ni kuzichanganya jenomu hizo mbili, kisha kuzigawa vipande.

Mwelekeo wa uchavushaji ni muhimu. Kwenye nyanya, tumia zao kuwa mama na Solanum pennellii kuwa baba. Ukigeuza, mrija wa chavua ya nyanya ya shambani hukataliwa ndani ya ua la mmea pori na hupati kitu. Ua la mama lihasiwe, yaani stameni ziondolewe kwa kibano, siku moja kabla halijafunguka. Likishafunguka huenda limejichavusha.

Kwenye viazi tatizo liko kwenye chakula cha kiinitete. Solanum commersonii ya Amerika Kusini huzoea baridi na kustahimili jalidi ambayo viazi vya shambani haviiwezi, ila mbegu za chotara hunyauka zikiwa changa. Tishu inayolisha kiinitete hukua vizuri pale tu mchango wa mama na baba unapokuwa mbili kwa moja, na spishi hizi mbili zina uzito tofauti katika hesabu hiyo: commersonii ina 1, kiazi cha shambani kina 4. Namba hiyo haifuati idadi ya kromosomu peke yake. Suluhisho ni kupanda ngazi. Kromosomu za commersonii zinaongezwa maradufu kwa kemikali iitwayo kolkisini ili namba ifike 2, inapandanishwa na spishi yenye 2, na polepole inafikishwa kwenye 4. Pale ambapo ngazi haipo, kiinitete hutolewa ndani ya mbegu changa na kulelewa kwenye chupa yenye sukari na madini kabla hakijafa njaa.

Chotara akishapatikana, hurudishwa kwa mzazi wa shambani kizazi baada ya kizazi. Chotara wa kwanza ana 50% ya porini, kisha wastani wa 25%, 12.5%, 6.25%. Wastani, nasisitiza. Mimea ya kizazi kimoja hutofautiana sana, ndiyo maana alama za vinasaba hutumika kuchagua ile iliyobeba kipande kinachotakiwa na kidogo kingine chochote.

Kwenye nyanya kazi hii ilifanywa kwa uzuri wa kupendeza. Mwaka 1995 Yuval Eshed na Dani Zamir walitoa nasaba 50 za nyanya aina ya M82, kila moja ikiwa na kipande kimoja tu cha kromosomu ya Solanum pennellii, na vipande hivyo kwa pamoja vinafunika jenomu nzima. Baadaye nasaba hizo ziliongezwa hadi 76. Sasa swali la vyungu viwili linajibika: mimea yote ni M82, ina ukubwa unaokaribiana, umri mmoja, na nasaba ikitofautiana na M82 sababu imo ndani ya kipande kimoja kinachojulikana. Nasaba hizohizo ziliibua jambo ambalo jicho lisingelibashiri. Solanum pennellii ina tunda dogo la kijani lisilolika, lakini kipande kutoka kromosomu yake ya 9 huongeza sukari kwenye nyanya nyekundu, na jeni husika, Lin5, ilikuja kutambuliwa. Kwa hiyo kuutazama mmea pori na kukisia utachangia nini ni kujidanganya. Aleli nzuri inaweza kulala ndani ya mmea usio na sifa hiyo.

Majirani wa jeni

Kipande cha kromosomu hubeba jeni mamia. Ile ya ustahimilivu husafiri na jirani zake, na jirani mmoja anaweza kuchelewesha maua au kupunguza mbegu. Wakati mwingine jirani ndiye anayeonekana kama ustahimilivu: jeni ya kuchelewesha maua hufanya mmea uwe mbichi wakati wenzake wamekauka, na mtu akaandika "unastahimili ukame".

Kuwatenganisha kunahitaji mimea mingi, na hesabu yake ni ya kikatili. Ukitaka kromosomu ikatike ndani ya sentimogani 1 (kipimo cha umbali kwenye kromosomu) upande mmoja wa jeni, nafasi ni mmea 1 kati ya 100, hivyo ili uwe na uhakika wa 95% wa kuupata angalau mmoja unahitaji kukagua karibu mimea 300. Kukata pande zote mbili kwa kizazi kimoja kungekuwa mmea 1 kati ya 10,000. Hakuna anayefanya hivyo. Kata upande mmoja kizazi hiki, mwingine kizazi kijacho, mimea 300 kila mara. Miradi mingi hukwama hapa kwa sababu ilipanda mimea 40 ikitarajia miujiza. Mahali pengine hata mimea elfu haitoshi, maana kipande cha porini kinaweza kuwa kimegeuzwa kichwa chini ukilinganisha na cha zao, na sehemu zilizogeuzwa karibu hazibadilishani kabisa. Soma mpangilio wa jenomu zote mbili kabla ya kuanza kuhesabu miche.

Mfano uliofika mwisho wa safari ni wa ngano ya durum. Durum haina jenomu D na huvumilia chumvi kidogo kuliko ngano ya mkate. Watafiti wa Australia waliikuta nasaba moja ya durum yenye sodiamu kidogo sana majanini, na chanzo chake kilikuwa Triticum monococcum, jamaa wa kale aliyewahi kupandanishwa nayo. Sifa hiyo iligawanyika sehemu mbili, Nax1 na Nax2. Ndani ya Nax2 mna jeni TmHKT1;5-A, inayotengeneza protini inayokaa kwenye seli zinazozunguka mirija ya maji mizizini na kuivuta sodiamu itoke kwenye mirija kabla haijapanda majanini. Mwaka 2012 Rana Munns na wenzake walionyesha kwamba shambani, kwenye udongo wa chumvi, durum yenye Nax2 ilitoa nafaka 25% zaidi ya ndugu zake wasio nayo. Namba hiyo inaaminika kwa sababu ya neno "ndugu": mimea iliyolinganishwa ilikuwa karibu sawa kwa kila kitu isipokuwa kipande hicho.

Kulinganisha bila kupandanisha

Baadhi ya jamaa hawawezi kuchavushana na zao lolote, lakini hufundisha kwa kulinganishwa. Eutrema salsugineum ni binamu wa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumika kwenye maabara nyingi. Eutrema huishi kwenye milimola 500 za chumvi, karibu sawa na maji ya bahari, mahali ambapo Arabidopsis hufa. Jeni zake kwa sehemu kubwa ni zilezile. Tofauti mojawapo ni kwamba jeni nyingi za kujilinda, ambazo Arabidopsis huziwasha chumvi ikifika, kwa Eutrema huwa zimewaka tayari. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2009, jeni ya SOS1, inayosukuma sodiamu nje ya seli, ilipopunguzwa nguvu ndani ya Eutrema. Mmea wa chumvi ukageuka kuwa mmea unaoogopa chumvi. Hiyo ndiyo njia ya haki ya kuthibitisha: zima jeni ndani ya mstahimilivu uone kama ustahimilivu unaondoka. Kuihamishia kwa mdhaifu peke yake hakutoshi.

Arabidopsis halleri inaonyesha kwa nini. Huota kwenye udongo wenye zinki na kadimi nyingi na kuzikusanya majanini. Mwaka 2008 Marc Hanikenne na wenzake walionyesha kwamba halleri ina nakala tatu za jeni HMA4, thaliana ina moja, na kwamba sehemu zinazowasha nakala hizo nazo zimebadilika. Jeni hiyo ikipunguzwa nguvu ndani ya halleri, zinki ya majani hushuka. Ikihamishiwa kwa thaliana, zinki huanza kusukumwa kwenye mirija ya mmea kama ilivyo kwa halleri, lakini thaliana haigeuki kuwa halleri, kwa kuwa majani yake hayana pa kuihifadhi zinki hiyo.

Anayelinganisha usomaji wa jeni kati ya jamaa wawili ajihadhari na kosa la kihesabu. Vipande vya RNA vya mmea pori, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizowaka, vikipangwa juu ya jenomu ya zao, vile vilivyotofautiana sana havipati pa kukaa na huhesabiwa kuwa havipo. Jeni iliyobadilika zaidi, ambayo pengine ndiyo uliyoitafuta, itaonekana imezimwa. Kila mmea upangwe juu ya jenomu yake, kisha jeni zilizo jozi zilinganishwe. Jenomu ya Solanum pennellii ilichapishwa mwaka 2014, kwa hiyo kwa nyanya kisingizio kimekwisha.

Kugeuza mwelekeo

Ustahimilivu wa ukame mara nyingi huletwa na jeni nyingi zenye mchango mdogo kila moja, na kuhamisha ishirini kwa kupandanisha ni kazi isiyo na mwisho. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yaligeuza mwelekeo. Walimchukua Solanum pimpinellifolium, nyanya pori yenye tunda dogo kama punje ya njegere, na kuhariri jeni chache zinazotawala umbo la mmea, maua na tunda, ili kuzileta sifa za zao kwa mmea pori badala ya kuzipeleka sifa za mmea pori kwa zao. Kundi moja liliripoti kwamba mimea iliyohaririwa ilibaki na ustahimilivu wa chumvi wa wazazi wake.

Swali la kupima linarudi palepale. Tunda kubwa hudai maji na sukari, na mmea uliostahimili ukiwa na vitunda vyepesi si lazima ustahimili ukiwa umebeba mzigo. Hivyo mmea uliohaririwa hupandwa kwenye chungu kimoja na mzazi wake wa porini, udongo ukishikiliwa kwenye 40% kwa mizani, na kipimo hakichukuliwi kwenye mche. Husubiriwa hadi matunda yaanze kujaa.